Mliachana Naye Wapi

Vidunda,
14 Januari 2025

Mpwa wangu Brightness,

Marahaba. Najua hukunisalimia, maana ulishukia upande wa pili wa mlima ukapanda basi ukaenda zako, lakini naitikia hivyo hivyo nisije nikaonekana nina kisirani. Huku tu wazima. Goti la kushoto linanisumbua kukiwa na mawingu, yaani kila siku. Mahindi yamefika kiunoni. Maharage yaliliwa na wadudu, nimepanda mengine. Mama yako ameleta salamu kutoka Kilosa, malaria imemwachia na amerudi kwenye genge lake sokoni. Analalamika humpigii. Mpigie, bwana, mama ni mmoja.

Mimi simu siiwezi, unajua. Hapa nyumbani haishiki mtandao mpaka nipande kule juu ya shule, na nikishafika pale naongea na upepo. Kwa hiyo barua hii anakuletea Nikolaus wa bodaboda akija huko kuchukua mzigo wa dukani. Ukijibu, mpe yeye huyo huyo.

Haya, sasa neno lenyewe. Nikolaus aliniletea ujumbe wako kwamba wewe na rafiki yako Anitha mmefika Mikumi salama, na kwamba mbwa wangu Watasema aliwatoroka huko mlimani na "bila shaka ameshafika nyumbani." Hajafika. Mwanzoni nilidhani anazurura na majike ya watu, nikasema acha ale ujana. Hajafika mpaka leo.

Brightness, mbwa yule nilikupa kwa mkono wangu. Mlikuja baada ya mwaka mpya na mabegi makubwa kama magodoro, nikauliza safari ya wapi. Ukasema mnapita vilele vyote vitatu, mnalala huko huko juu, mnarudi kwangu kesho yake. Nikauliza, kuna msiba? Kuna shamba? Mtu mzima abebe mzigo apande mlima halafu ashuke nao! Ukacheka, ukaniambia wageni wanaolala pale kazini kwako wanatafuta mtu wa kuwapandisha milima, na wewe unataka kuijua njia. Nikasema haya, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nikakuonya upunguze mzigo, kwamba mlimani mtu habebi anachoweza kupanda nacho, anabeba anachoweza kushuka nacho. Ukanijibu, "Mjomba, haya ni mabegi ya kisasa." Nikawapa mbwa, maana wasichana wawili hawalali porini bila mlinzi.

Jina lile nilimpa kwa ajili ya majirani, waliokuwa wakisema mjane wa kiume hataweza kukaa peke yake. Kila jioni nikiita "Watasema! Watasema!" walikuwa wananuna. Sasa nimeita mpaka wamenihurumia, na huruma yao naichukia kuliko umbea wao.

Niambie jambo moja tu. Mliachana naye wapi?

Mjomba wako,
Theodory


Mikumi,
2 Februari 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti yote mawili. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Huku hatupumui. Wageni wamejaa, bosi ameachisha kazi dada mmoja wa usafi na vyumba vyake nimepewa mimi. Juzi lori la vitunguu lilipinduka hapo barabarani, watu wakajaa na ndoo, mji mzima umenuka vitunguu mpaka leo. Tembo nao wanapita nyuma ya ukuta wetu jioni, wageni wanakimbilia kamera, sisi tunakimbilia nguo zilizoanikwa.

Mama nimempigia. Amenigombeza kwanza, kisha akacheka. Anasema umekuwa mtu wa kununa, nikamwambia mjomba hajawahi kuwa mtu wa kuchekacheka, asikusingizie.

Anitha anakusalimu. Kule mlimani aliteleza kidogo, mguu ukateguka, ndiyo maana tukashukia upande wa barabara badala ya kurudi kwako. Sasa anatembea vizuri.

Kuhusu Watasema, mjomba, hata mimi sina raha. Alitutoroka tukiwa kilele cha kati. Aliona nyani, akawafukuza kushuka kule korongoni, upande wa mto. Tuliita sana. Mvua ilikuwa inanyesha, hatukuweza kumfuata. Lakini yule mbwa ana akili kutushinda sisi sote. Naamini atarudi.

Nimempa Nikolaus kilo mbili za sukari, majani ya chai, na dawa ya kuchua goti. Paka asubuhi na jioni, usiwe mbishi.

Mpwa wako,
Brightness


Vidunda,
9 Februari 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Sukari imefika, ahsante. Dawa nimepaka, inawasha kama pilipili, lakini goti limenyooka kidogo, nami nimelitumia vibaya. Nimeshuka korongoni na Nikolaus kumtafuta mbwa, siku ya kwanza upande wa mto, siku ya pili upande wa msitu. Nimepiga miluzi mpaka midomo ikakauka. Nyani wapo wengi, wanatutazama tu kama watu waliokaa barazani. Alama ya mbwa hakuna.

Narudi nyumbani nawaza. Jambo hili halikai sawa kichwani mwangu. Kwa Watasema nyani ni kazi ya shambani. Njiani hajali nyani, hata ampite puani. Nimetembea naye miaka, namjua.

Kwa hiyo nakuuliza neno lingine, na hili ulijibu kabla hujajibu jingine lolote. Je, mliacha mzigo wowote huko juu? Hema, sufuria, hata kanga tu? Kama mliacha, ni wapi?

Huku nguruwe pori wameanza kuingia mahindini. Walikuwa hawathubutu. Sasa nalala kwenye dungu shambani, nagonga debe, nasinzia, nagonga tena. Umri huu si wa kukesha, lakini nikilala ndani nitavuna magunzi.

Kilele cha kati goti hili haliwezi kunifikisha kwa kubahatisha. Nikijua kuna sababu, nitapanda hata kwa kutambaa. Nijibu hilo la mzigo.

Mjomba wako,
Theodory


Mikumi,
2 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri, na kwamba unakula. Mama anasema ukiwa peke yako unakula ugali na chumvi. Tafadhali usifanye hivyo.

Huku mvua zimeanza mapema. Jana imenyesha mpaka maji yakaingia jikoni, tumeokoa unga tukiwa tumepandisha nguo magotini, bosi amesimama juu ya kiti anatoa amri. Barabara ya Kilosa, mama anasema, imeshaanza kukatika kule mabondeni, lakini kwake maji hayajafika. Anitha amepata mchumba, dereva wa malori ya kwenda Tunduma, mcheshi ajabu. Mimi bado nipo nipo. Nimejiandikisha kozi ya kuongoza watalii, jioni baada ya kazi. Mwalimu anasema nina sauti nzuri.

Nimehuzunika kusikia habari za nguruwe. Nimefikiria, nikapata dawa. Kuna fundi wa matairi hapa karibu na kituo cha malori, mbwa wake amezaa. Watoto ni wakubwa, wana miguu minene, baba yao ni mkali kweli kweli. Nimeshamwomba mmoja, dume, wa rangi ya udongo. Akiachishwa kunyonya nitampa Nikolaus akuletee. Utampa jina unalotaka. Utaona, moyo utatulia.

Nakuombea afya. Mvua ikinyesha usilale dunguni, mjomba, baridi itakuingia kifuani.

Mpwa wako akupendaye,
Brightness


Vidunda,
16 Machi 2025

Brightness,

Nilikuuliza kitu kimoja. Umenijibu vya mvua, vya unga, vya mchumba wa mwenzako.

Mtoto wa mbwa sitaki.

Theodory


Mikumi,
23 Machi 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Usipoitikia nitaelewa.

Barua yako Nikolaus alinipa nikiwa nafua mashuka. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mama hajambo. Hizo ndizo habari zote za nyumbani nilizo nazo leo. Sasa nakueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Tuliacha mzigo. Tuliacha begi langu, lile kubwa, lenye hema ndani.

Tulilala vizuri kilele cha kwanza. Watasema alilala mlangoni mwa hema, mgongo wake umenigusa miguuni kwa nje ya kitambaa, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Asubuhi ikaja mvua. Tulipoanza kushuka kutoka kilele cha kati, Anitha akateleza kwenye jiwe, akaanguka na mguu chini yake. Nilikuandikia "aliteguka kidogo." Haikuwa kidogo, mjomba. Mguu ulivimba mbele ya macho yetu, hakuweza kuukanyagia. Ilibidi aniegemee mimi, na mimi nibebe begi lake lile dogo. Langu lisingewezekana.

Kuna mwamba mkubwa pale umeinama kama paa. Nikalisukuma begi chini yake pakavu. Nilikuwa na nia ya kulirudia, siku hiyo hiyo au kesho yake. Nikaogopa wapita njia, wale wa mbao. Ndipo nikakumbuka unavyofanya wewe ukiacha jembe na kikapu njia panda. Nikamwonyesha Watasema begi kwa kidole, nikamwambia, "Kaa nao." Neno lako, mjomba, na nikajaribu kulitoa kwa sauti yako. Akakaa. Sikuamini alivyotii upesi. Hata nilimsifia.

Kule chini tulipata pikipiki, kisha basi, Anitha akafungwa mguu zahanati. Kesho yake bosi akanipigia, mwenzangu hakuja, niwahi zamu au nisirudi tena. Nikajiambia mbwa akisikia njaa ataondoka tu, atashuka kwenu, anaijua njia. Basi. Hilo ndilo nililojiambia. Hakuna nyani. Nyani niliwatunga mimi.

Utauliza kwa nini. Uliniambia mzigo ni mkubwa, nikakujibu kwa jeuri. Niliona aibu ukijua kwamba nimeuacha huko juu siku ya pili tu. Pia nilikuwa nataka unisemee kwa serikali ya kijiji, wanikubali nipitishe wageni Vidunda. Nani atamsemea mtu aliyeshindwa na begi lake? Nikadhani nitapata siku ya mapumziko, nipande kimya kimya, nichukue begi, na mbwa atakuwa keshafika kwako. Siku ya mapumziko haikuja. Ulipouliza habari za mzigo, nilijua kwamba umeshajua. Badala ya kujibu nikakuandikia habari za unga.

Na kuna lingine, mjomba, nikilificha hili nitakuwa sijasema kitu. Nilikuogopa. Nimelelewa kwako tangu mama alipohamia Kilosa kutafuta maisha, umenisomesha, hujanilaza njaa hata siku moja. Lakini kwako mtoto akikosea alikuwa anatafutiwa fimbo kabla hajaulizwa. Mpaka leo, mtu mzima nina mshahara wangu, nikikosea jambo linalokuhusu wewe ulimi unakuwa mzito. Sisemi hivi ili nikutupie lawama. Kosa ni langu.

Kama bado yupo hai, yuko chini ya mwamba ule. Nisamehe. Najua ni neno dogo.

Brightness


Vidunda,
6 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba.

Barua yako ilifika Jumatano, Alhamisi nikapanda. Nikolaus alitaka aende peke yake, nikamwambia mbwa hataondoka kwa ajili yake. Nilikuwa bado naongea hivyo, unaona, kama mtu anayekwenda kumchukua mgonjwa hospitali. Nilifunga ugali na kichwa cha samaki kwenye jani la mgomba. Goti limenitesa, tumepumzika kila mahali, tumefika kilele cha kati mchana.

Nikolaus alitangulia. Alipofika mwambani akavua kofia.

Watasema amekufa, Brightness. Alikuwa amejilaza ubavuni, mgongo umeegemea begi lako. Nitakueleza nilivyoona, kwa sababu wewe umenieleza mpaka mwisho na mimi sitakukata katikati. Pale chini ya mwamba kuna mifupa ya pimbi na ya panya wa porini, mingi. Maji alikuwa anapata kwenye shimo la jiwe. Nyasi zimelala njia nyembamba kutoka begini mpaka kwenye shimo lile, na haziendi mbali zaidi ya hapo. Begi ni kavu, zipu haina hata alama ya jino. Nikolaus alilifungua, ndani mna biskuti na dagaa. Mbwa hakuvigusa.

Na hakufa zamani. Mimi mizoga nimeiona tangu utotoni, yenye wiki naijua na yenye mwezi naijua. Barua yako ya kwanza, ile ya nyani, alikuwa hai. Ile ya unga na mvua, alikuwa hai, na mvua ile ile ilikuwa inamnyeshea. Naona ni baridi ya masika iliyomshinda, njaa alikuwa ameizoea. Kama ungenijibu nilipokuuliza, ningemkuta amekaa.

Nililia pale juu, mtu mzima mimi, Nikolaus akajifanya anatafuta mawe. Tumemzika palepale, udongo ni haba, tumemfunika na mawe. Begi amelibeba Nikolaus, lipo hapa kwangu, nimelianika.

Sasa sikiliza. Nikolaus amewasimulia watu, na kijiji kizima kinapita kunipa pole. Wanasema mbwa yule alikuwa mwaminifu kuliko binadamu. Mwinjilisti amemtaja kwenye mahubiri. Majirani wale wale! Mimi naitikia, nashukuru. Lakini najua namna nilivyomfundisha. Alipokuwa mdogo niliacha jembe njia panda, akaliacha akafuata mfupa, nikampiga mpaka akashindwa kusimama. Hakuondoka kwenye mzigo tena maisha yake yote, mpaka uinuliwe na mwenyewe. Nilikuwa najisifia sana vilabuni kwa jambo hilo. Sasa nalala dunguni najiuliza: kule juu alikuwa ananingoja, au alikuwa ananiogopa? Nageuka upande wa pili, swali liko vilevile.

Halafu nakuja kwenye barua yako. Hukusema ili unitupie lawama, nimeelewa. Lakini lawama nyingine hazihitaji kutupwa, zinakuja zenyewe. Mbwa alikuwa ananiogopa, na mtoto niliyemlea akanidanganya kwa kuniogopa, na hao wawili ndio niliokuwa nao.

Nimekukasirikia, usidhani imekwisha. Kuna asubuhi naamka na maneno makali tayari mdomoni. Na wakati huo huo nataka kukuomba radhi, na namna ya kumwomba radhi mtoto sikufundishwa na mtu. Basi naandika hapa, na Nikolaus nimemkataza kufungua bahasha: nisamehe, Brightness. Yote mawili yamo ndani yangu, sijui lipi litapona kwanza.

Ombi langu ni hili. Begi sitampa Nikolaus akuletee. Nikifanya hivyo utasema jambo limekwisha, utaniandikia habari za vitunguu mpaka nife, na mimi nitakujibu habari za goti. Jumamosi anakuja Mikumi kuchukua mbolea. Nimemwambia siti ya nyuma isibebe mfuko. Bosi akikukatalia ruhusa, mwambie kuna msiba kwenu, hutakuwa umemdanganya.

Usije na sukari wala mtoto wa mbwa. Usikae huko ukingoja mpaka uwe umepata maneno ya kuniambia, wala mpaka nipoe. Sitakugusa, na nikipandisha sauti, nikumbushe nilichoandika. Njoo ukiwa umekosea hivyo hivyo.

Mjomba wako,
Theodory